Mbeba Bunduki Alikufa kwa Nini

Katika nchi ile miaka haikuhesabiwa kwa namba. Kila mwaka uliitwa kwa swali la mtihani wake, na kwa kuwa swali lilikuwa lilelile, mwaka nao ulikuwa uleule. Watu walizaliwa ndani yake, wakaota mvi ndani yake, wakazikwa ndani yake. Mimi nilianza kufundisha hadithi ya nyati katika mwaka huo nywele zangu zikiwa nyeusi. Siku moja nikaona kwenye kioo cha dirisha la darasa kichwa cheupe kikinitazama, nikadhani kuna mzee amesimama nje. Nilitoka kumwuliza anataka nini. Hapakuwa na mtu.

Naitwa Kitundu. Mji wangu haukuwa na jina. Zamani ulikuwa nalo, likafutwa kwenye ramani, na sisi tukazoea kusema "Hapa". Unatoka wapi? Hapa. Unakwenda wapi? Hapahapa. Nilifundisha kisomo cha watu wazima, saa tisa alasiri, watu wakiwa wametoka kwenye shughuli zao na mikono ikinuka vitunguu na mafuta ya cherehani. Kila mmoja alihitaji cheti cha kusoma, maana bila cheti mtu hakuruhusiwa kutia sahihi jambo lolote, hata mazishi ya mama yake.

Na kusoma, katika nchi ile, maana yake ilikuwa kusoma hadithi moja. Ilikuwa na kurasa tisa. Mheshimiwa mmoja aliyependa kuwinda anampiga nyati risasi asubuhi na mapema, lakini hamwui. Nyati anaingia kichakani na jeraha lake. Mheshimiwa hawezi kumwacha mnyama akiteseka, basi anamfuata, pamoja na mbeba bunduki wake. Wanafuata matone ya damu kwenye majani, ukurasa baada ya ukurasa, katika matope yanayofika magotini. Halafu kinasikika kishindo. Mbeba bunduki anatupa bunduki na kukimbia. Nyati anamfuata na kumwua. Mheshimiwa anasimama peke yake, analenga, anashinda. Sentensi ya mwisho inasema: *Hakuuawa na nyati, aliuawa na woga wake.* Mwandishi wa hadithi ni Mheshimiwa mwenyewe.

Swali la mtihani: Mbeba bunduki alikufa kwa sababu gani? Jibu: Kwa sababu ya woga. Jibu lolote jingine lilipelekwa Jumba la Masahihisho, pamoja na aliyeliandika. Mwalimu Zaina, tuliyekuwa tukigawana naye chaki, alipelekwa huko kwa kuruhusu mjadala. Alirudi na sura yake ileile na khanga yake ileile. Nilimwuliza, "Habari za huko?" Akasema, "Nzuri." Nikangoja aniulize za kwangu. Ninangoja mpaka leo.

Nisijifanye sikujua nilichokuwa nikifanya. Kila nilipoisoma hadithi ile kwa sauti, nyasi ziliota sakafuni kati ya madawati, na wanafunzi wakainua miguu bila kuambiwa. Nilikuwa Mheshimiwa nilipotamka maneno ya Mheshimiwa, nikawa nyati nilipofika kwenye kishindo. Mbeba bunduki sikuwahi kuwa. Hakupewa neno hata moja la kutamka, na mtu asiye na neno ni vigumu kumvaa. Nilimpita mbio, jinsi mtu anavyopita mlango wa nyumba yenye msiba asioujua. Sikuwa mwovu. Nilikuwa mdomo. Mdomo hufunguka, maneno hupita, nao hubaki na unyevu wake tu.

*

Mwanamke aliyeitwa Nyamizi alijiandikisha darasani kwangu akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa mrefu, mkimya, mfinyanzi wa vyungu. Kucha zake zilikuwa na udongo ambao haukutoka hata kwa sabuni. Alijifunza herufi kwa namna iliyonitisha kidogo. Wengine walizikariri. Yeye alizitazama ukutani kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande, halafu akasema hii imeelekea wapi, hii imetoka wapi, hii imesimama.

Alasiri moja zamu ya kusoma ilimfikia. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja. Alisimama akasoma kurasa zote tisa, polepole, kidole chini ya kila neno, na hakuna aliyecheka. Nyasi ziliota zikatufika kiunoni. Alipomaliza sentensi ya mwisho hakuketi.

"Mwalimu," alisema, "naomba kuuliza."

"Uliza, mama."

"Huyu aliyeandika alikuwepo?"

Salehe Dengu, fundi cherehani aliyekaa karibu na dirisha, alikohoa. Nilisema ndiyo, alikuwepo, ndiye anayesimulia.

"Hakuwepo," alisema Nyamizi.

Salehe aliinuka akafunga dirisha. Chumba kikawa na joto mara moja.

"Mbeba bunduki alikuwa mume wangu," Nyamizi alisema. Hakupaza sauti. "Alikuwa anaitwa Mihayo. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wageni nyayo na kuwabebea bunduki. Walimleta nyumbani nyuma ya lori, wamemfunika turubai. Mimi na dada yake ndio tuliomwosha. Kifua kilikuwa kimepasuka. Tumbo limepasuka. Mgongo, Mwalimu, ulikuwa mzima, hauna hata mchubuko. Mtu anayekimbia nyati huumizwa wapi?"

Hakungoja jibu.

"Kesho yake nilikwenda mwenyewe kule kichakani. Ardhi ilikuwa mbichi, kila kitu kimeandikwa. Makatambuga yake yale ya tairi yameingia, peke yake. Hakuna buti lililoingia. Pale alipofia, alama zimezama kisigino na kidole sawasawa. Alikuwa amesimama. Mtu anayekimbia huzamisha vidole. Nilisoma yote hayo, nikarudi, nikaambiwa sina cheti, siwezi kutia sahihi maelezo yangu. Basi nimekuja kutafuta cheti."

"Umekuja siku zote hizo kwa ajili ya…"

"Nilitaka kwanza nijue wamesema nini juu yake. Watoto wangu walirudi kutoka shuleni wakilia, hawakutaka kuniambia. Sasa nimesoma."

Aliketi. Nilitazama saa ya ukutani, ikawa inaonyesha saa tisa kamili, kama vile hatujaanza. Nikawaambia somo limekwisha.

*

Nilikwenda nyumbani nikakaa mezani na kitabu. Chai ilipoa. Nikajiambia: mwanamke ana uchungu. Nikajiambia: uchungu husema. Nikajiambia: wewe ni mwalimu, kazi yako si kuchimba, ni kusomesha. Halafu nikasikia hatua uani. Nikatoka. Hapakuwa na mtu, ila nilihisi mtu ametoka pale nilipofika, kama kiti ambacho bado kina joto.

Ni nani anayewinda katika hadithi? Nilidhani najua. Mwindaji anamfuata mnyama, msomaji anamfuata mwindaji, mwalimu anamfuata msomaji na kalamu nyekundu, mkaguzi anamfuata mwalimu. Na nyuma ya mkaguzi? Nikageuka. Ukuta. Kalenda isiyo na namba. Nikafikiri: labda nimeogopa maisha yangu yote, na kwa kuwa sijawahi kukimbia, nikaita woga ule utulivu. Labda nchi nzima. Labda.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Mbele ya hadithi kulikuwa na picha ya Mheshimiwa niliyoipita mara elfu. Ameweka mguu mmoja juu ya nyati aliyelala. Chini yake maandishi: *Dakika chache baada ya ushindi.* Nikaitazama kama Nyamizi alivyotazama herufi. Hii imeelekea wapi. Hii imetoka wapi. Nikayaona mabuti. Yalikuwa yaking'aa. Kamba zake nyeupe. Nikafungua ukurasa wa saba: *matope yalitufika magotini.*

Jambo lenyewe lilikuwa limechapishwa. Halikufichwa hata kidogo. Lilikuwa mikononi mwa kila mwanafunzi wa nchi ile, kwenye mikoba, chini ya mito, juu ya mabati ya kuanikia mahindi, na mimi, mwenye kazi ya kusoma, nilikuwa nimelisoma maisha yangu yote bila kuliona. Sikulala vizuri tangu siku hiyo.

*

Siku ya mtihani Mkaguzi alikuja kwa baiskeli. Aliitwa Kisena, mtu mwembamba, nadhifu, mwenye kalamu nne mfukoni na suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Aliandika swali ubaoni kwa mwandiko mzuri sana. Wanafunzi wakainama. Kwa robo saa nilisikia kalamu tu, na inzi mmoja.

Alikusanya karatasi akazipitia palepale. Karatasi tisa alizilaza mkono wa kulia. Ya Salehe Dengu aliisoma kwa sauti: "'Sijapewa habari za kutosha.' Hili ni jibu, fundi?"

"Ndilo nililonalo, bwana," Salehe alisema, jasho likimtoka puani. "Hata suruali siwezi kukata bila kipimo."

Akaiweka kando. Kisha akachukua ya Nyamizi. Hiyo hakuisoma kwa sauti. Aliisoma mara mbili, akanipa, pamoja na kalamu nyekundu.

"Sahihisha, Mwalimu."

Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa zilizokaa wima: *ALIKUFA KWA SABABU ALITUMWA PEKE YAKE. ALIITWA MIHAYO.*

Msalaba ni mistari miwili. Alama ya vema ni mstari mmoja uliopinda. Nilishangaa jinsi tofauti ilivyo ndogo. Mkono unashuka, na pale unapogeuka ndipo mtu anapokuwa huyu au yule. Kama ningeandika msalaba ningekula jioni. Ningelala. Ningeamka katika mwaka uleule. Nyamizi hakunitazama. Alikuwa akiutazama mlango, kama mtu anayepima umbali.

"Bwana Mkaguzi," nilisema, "umewahi kutazama mabuti kwenye picha?"

"Mabuti gani?"

"Ya ukurasa wa kwanza. Halafu usome ukurasa wa saba."

Alifungua kitabu. Niliona macho yake yakienda na kurudi, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa uso wa mtu tu, mtu aliyeangusha kitu na hajui ni nini. Akakifunga.

"Sikuja kusoma," alisema taratibu. "Nimekuja kukagua. Sahihisha."

Niliweka alama ya vema. Ilitoka mbaya, imetetemeka, ndefu mno. Ilikata mpaka kwenye jina la Mihayo.

Mkaguzi Kisena alikusanya vitu vyake. "Sheria inataka wanaopelekwa Jumba la Masahihisho wachukuliwe kwa gari," alisema. "Mimi nina baiskeli. Gari litakuja kesho asubuhi." Alifika mlangoni akasimama, mgongo umetugeukia. "Sijui kwa nini sheria imewekwa hivyo. Nafikiri wanapenda watu wakimbie."

*

Tuliondoka alasiri ileile. Salehe alitupa kibuyu cha maji na kipande cha kitambaa cheusi cha kujifunikia. Alikataa kuja, mkewe alikuwa mjamzito. Alisema jibu lake ni la nusu na labda watampa adhabu ya nusu. Alijaribu kucheka.

Nyamizi alitangulia. "Vua viatu, Mwalimu," aliniambia tulipofika mwisho wa mashamba. "Kisigino chako kinapiga kelele. Kanyaga nilipokanyaga."

Asubuhi tulikuwa ndani ya nyasi zilizotupita vichwa. Zilikuwa zilezile za darasani. Nilizijua kwa harufu ya chaki. Tukasikia gari, mbali, halafu karibu, halafu likazimwa. Milango ikafunguliwa. Sauti za watu, kicheko, chupa ikigongwa.

Nilitaka kukimbia. Mwili wangu wote ulishaanza. Ni akili tu iliyobaki nyuma. Nyamizi alinishika mkono.

"Wanafuata njia yetu," alinong'ona. "Njia tumeiacha wazi, wewe umekanyaga kama tembo. Sasa sikiliza. Nyati akijeruhiwa hakimbii moja kwa moja. Anakwenda, halafu anazunguka, anarudi kusimama kando ya njia yake mwenyewe. Anamngoja anayemfuata apite."

"Tumngoje tumfanye nini?"

"Kwanza tumwone."

Tukazunguka. Tukalala kifudifudi hatua tano kutoka kwenye njia tuliyoikanyaga wenyewe, na nikaziona nyayo zangu kama za mtu mwingine, kubwa, zinayumbayumba, nikamhurumia mtu huyo. Nikajiuliza yuko wapi sasa. Moyo ulipiga ardhi, ardhi ikanirudishia. Nyasi zikasogea. Nikangoja kuona buti.

Aliyetokea alikuwa Mkaguzi Kisena. Peke yake. Suruali yake ilikuwa imechanika, uso umekatwakatwa na majani, na bunduki aliyopewa aliikumbatia kifuani kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa akilia bila sauti. Kila hatua mbili alisimama akatazama nyuma.

Nyamizi aliinuka. Alifanya hivyo bila haraka, ili asimshtue, akasimama mbele yake mikono wazi.

"Bwana Mkaguzi. Wenzio wako wapi?"

Bunduki aliielekeza kwake, kisha kwangu nilipoinuka, kisha kwenye nyasi tupu.

"Wako garini," alisema. "Wamesema nitangulie. Wamesema watafuata."

"Wamekuambia lini?"

"Sasa hivi… Muda. Sijui." Aligeuka kutazama njia. "Nilidhani wako nyuma yangu. Mama, nilidhani kabisa wako nyuma yangu."

Nyamizi alimtazama muda mrefu. Sijui aliona nini. Mimi nilielewa kwamba mtu huyu amekuja na bunduki pale pale ambapo mtu mwingine alikuja na bunduki, na kwamba mke wa yule wa kwanza ndiye anayeamua. Angeweza kumwacha. Angeweza kuniambia nipige kelele, bunduki ingefyatuka, wale wa garini wangefurahi.

"Una watoto?" alimwuliza.

"Wawili. Wako kwa bibi yao."

"Weka hicho kitu chini. Kilaze, usikitupe. Uvue viatu. Utatembea mbele yangu, nikuone."

Aliilaza bunduki kwenye nyasi. Alipoinama kufungua kamba za viatu vidole vilimshinda, na nikajikuta nimepiga magoti namfungulia. Miguu yake ilikuwa laini, myeupe kwa unyevu, kama ya mtu ambaye hajawahi kugusa ardhi. Nyuma yetu honi ilipigwa mara tatu, ndefu, kama watu waliochoka kungoja.

*

Tulitembea mpaka jua likawa la utosi. Tulivuka korongo, tukapanda upande wa pili tukishika mizizi, na juu yake tulikuta kisima na nyumba kama saba hivi. Sikuwahi kujua kwamba kuna watu wanaoishi umbali huo kutoka Hapa. Mwanamke mmoja alikuwa akivuta maji. Alisema anaitwa Kalunde, na kabla hatujajieleza alituuliza:

"Kati yenu kuna anayejua kusoma? Kuna karatasi wamebandika pale kwenye mti juzi, watu wa gari. Hapa hakuna anayeiweza. Tunaogopa isije ikawa amri tunaivunja bila kujua."

Watu wengine walikuwa wanasogea, wanawake, wanaume wawili wenye majembe. Mkaguzi Kisena alitia mkono mfukoni kutafuta kalamu zake, akazikosa. Mimi nilitaka kusema nasoma mimi, lakini Nyamizi alishafika mtini. Aliinamisha kichwa upande. Nilikwenda nikasimama nyuma ya bega lake, nikayapitia maandishi haraka.

*Wanatafutwa watu watatu: mwanamke mjane, mwalimu, na aliyekuwa mkaguzi.*

Juzi. Juzi nilikuwa sijashika kalamu nyekundu. Juzi Mkaguzi Kisena alikuwa bado anapiga pasi suruali ya kuja kutukagua. Yeye naye alikuwa ameshaisoma, nilimwona akitikisa kichwa, anarudi kwenye neno lile, *aliyekuwa*, kama ulimi unaorudi kwenye jino lililong'oka.

"Inasemaje?" aliuliza Kalunde.

Nikamnong'oneza Nyamizi: "Waambie ni tangazo la chanjo. Waambie lolote. Hakuna atakayejua."

Aligeuka akanitazama, na sikuwahi kutazamwa hivyo na mwanafunzi. Hapakuwa na hasira ndani yake, ila nilitamani ingekuwapo. Kisha akaweka kidole chini ya neno la kwanza akaanza kusoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho: watu watatu, sura zao, mavazi yao, jina lake mwenyewe, na adhabu ya atakayewapa maji. Hakuruka neno. Alipomaliza aliteremsha kidole.

"Mjane ni mimi," alisema. "Yule ni mwalimu. Huyu asiye na viatu ndiye mkaguzi. Sasa mmejua."

Mmoja wa wanaume alihamisha jembe kutoka bega moja kwenda jingine. Upepo uliinua ncha ya karatasi ukaishusha. Kalunde alitutazama mmoja mmoja, miguu kwanza, halafu nguo, halafu uso, bila kupepesa, na nikaona mkono wake umeshika kamba ya kisima kwa nguvu kuliko ndoo ile ilivyohitaji.

"Wamesema chochote juu ya uji?" aliuliza.

"Hapana," Nyamizi alijibu. "Wamesema maji."

"Basi ingieni ndani," alisema Kalunde, akavuta ndoo.